Picha za ndege wa ufukweni alfajiri: angalia maji kwanza

Mwaka wangu wa kwanza kwenda ufukwe wa Kunduchi, Dar es Salaam, kupiga picha za ndege nlikuwa narudi na picha za mikia tu. Nadamka saa kumi usiku, nafika kunapambazuka, nawaona vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, kule mbali nawafuata, nikibakiza hatua thelathini hivi wanaruka wote, nawafuata tena wanaruka tena, mpaka jua limekuwa kali. Kamera haikuwa na shida yaani, nlikuwa naenda siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na bamvua huku kwetu maji yanajaa kwenye saa kumi usiku, kwa hiyo jua likichomoza yanatoka na ndege wanayafuata huko huko.

Siku hizi nahesabu mwezi kwanza. Siku ya tatu au ya nne baada ya mwezi mpevu, au baada ya usiku ule usio na mwezi kabisa, maji yanajaa kama saa moja asubuhi, mana kila siku yanachelewa dakika 50 hivi. Fika saa kumi na moja na nusu, tandika turubai, lala kifudifudi, lenzi iwe shubiri moja tu juu ya mchanga, afu tulia kabisa. Maji yenyewe yatakuletea ndege.

Januari nlilala hivyo, kitwitwi mmoja akaja karibu mpaka lenzi ikashindwa kumlenga. Alikuwa anamvuta mnyoo, mnyoo unarefuka kama mpira, akaacha kuvuta bila kuuachia, akasubiri ulegee, ndo akautoa mzima. Nlisahau hata kubonyeza aisee.

Kuhusu mwanga, kwetu jua linatokea baharini, ukielekea maji unapata kivuli cha ndege tu. Desemba na Januari linachomoza limeegemea kusini, kwa hiyo lala ukitazama kaskazini, mwanga utatokea nyuma ya bega lako la kulia. Spidi ya shata (muda kamera inaofunguka kupiga picha) isipungue 1/1600 ya sekunde wakianza kukimbia, na punguza mwanga kidogo kwenye kamera mana kifua cheupe kinaungua haraka sana, kinatoka cheupe tupu kwenye picha.

Na tafadhali msiwarushe makusudi ili mpate picha za mabawa, naliona sana hili na linaniuma. Wengi wao wanatoka kuzaliana Siberia huko, na kuanzia Februari wanakula kujaza mafuta ya safari ya kurudi, kila wakiruka bure wanayachoma. Mimi saa mbili jua likishakuwa jeupe narudi nyuma kwa magoti, taratibu, mpaka nifike kwenye mivinje ndo nasimama.