Jibu: Diski inalia tik-tik, niendeshe chkdsk?
Mkuu, umesema kompyuta inaganda dakika nzima ukifungua folda ya picha, diski inalia tik-tik, na unataka kuendesha chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Subiri kwanza. Huo mlio unanitisha kuliko kuganda kwenyewe. Hamishia picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje leo hii, kabla ya kugusa kitu kingine, maana chkdsk yenye /r husoma diski nzima kipande kwa kipande, na diski iliyochoka inaweza kukata roho katikati ya kazi.

Ukishanakili, weka CrystalDiskInfo, programu ya bure inayoonyesha afya ya diski. Mimi huangalia mistari miwili tu: 05 ni sekta (vipande vidogo vya diski) mbovu ambazo diski imeshazibadilisha kwa za akiba, C5 ni zile iliyoshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje. Namba zikipanda kila ukiangalia, usihangaike na matengenezo, tafuta diski nyingine.

Zikiwa sifuri, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama administrator, andika chkdsk C: /f. Itakwambia diski inatumika. Jibu Y, kisha washa upya. Hiyo hurekebisha mpangilio wa mafaili tu na kwa kawaida haikawii. Ile ya /r kwa diski ya 1 TB ni ya kuiachia usiku kucha, chaja ikiwa imechomekwa (na uombe umeme usikatike).

Majibu ya chkdsk yamo Event Viewer, daftari la matukio la Windows: fungua Windows Logs, kisha Application, tafuta Wininit. Yabandike hapa tuyaone.