Zima hiyo taa, dada

Dada, kama geko gagoili wako (mjusi mdogo wa kufugwa) hali chakula, huenda ni joto: anza kwa kuzima taa ya joto. Asili yake ni Kaledonia Mpya, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, hustawi kwenye nyuzi joto 22 hadi 26. Zikipita 28 kwa muda mrefu anazidiwa, na Dar mwezi Januari mchana hufika 32! Mhamishie chumba cha chini chenye vigae, mbali na dirisha la jua. Feni izungushe hewa bila kumpulizia yeye. Jioni mnyunyizie maji, ndipo umpe chakula, maana ni mnyama wa usiku. Usimwekee mwenzake, wanang'atana mikia. Umeme ukikatika, weka chupa ya barafu iliyofungwa taulo juu ya wavu wa tangi lake.