Romania Mbele ya Ujerumani: Fedha Pekee Hazileti Kasi

Mhariri, wiki hii mmechapa orodha ya nchi kwa kasi ya intaneti na kuuliza kwa nini intaneti ya nchi moja inakimbia na ya nchi nyingine inajikokota. Nadhani wengi watawajibu kwa neno moja: fedha. Wana hoja, ila hoja hiyo inakwama mara tu unapozipanga Romania na Ujerumani pamoja.

Ujerumani ndiyo yenye uchumi mkubwa kuliko wote barani Ulaya. Romania ni miongoni mwa wanachama wa Umoja wa Ulaya wenye kipato cha chini. Lakini kwa intaneti ya nyumbani, Romania imekuwa ikiiacha Ujerumani nyuma kwa miaka mingi, tena kwa bei nafuu zaidi.

Chanzo kiko chini ya ardhi. Ujerumani Magharibi ilikuwa na mtandao wa simu wa nyaya za shaba uliofika karibu kila nyumba na uliofanya kazi vizuri. Mwaka 1981 serikali ya Helmut Schmidt ilizungumzia mpango wa kuziondoa nyaya hizo kidogo kidogo na kuweka faiba. Mwaka uliofuata Helmut Kohl akashika madaraka, na serikali yake ikaelekeza fedha kwenye nyaya za shaba za televisheni. Ilipofika zama ya intaneti ya kasi, kuikamua shaba iliyokuwepo kwa DSL, teknolojia inayopitisha intaneti kwenye nyaya za simu, kulikuwa nafuu kuliko kufukua mitaa upya, kwa hiyo ikakamuliwa. Tatizo ni kwamba mawimbi hufifia ndani ya shaba. Nyumba iliyo karibu na kituo cha simu hupata kasi nzuri, iliyo kilomita chache kutoka hapo hupata masalia, hata kama zote mbili zinalipia kifurushi kilekile. Faiba, inayopitisha mwanga ndani ya kioo, haina udhaifu huo kwa umbali wa kutoka kituoni hadi nyumbani.

Romania haikuwa na shaba ya maana ya kukamua. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana waliokaa kwenye majengo ya ghorofa walianza kuvuta nyaya wenyewe, paa hadi paa na dirisha hadi dirisha, wakachangia gharama za muunganisho mmoja. Mitandao hiyo ya mitaa ikawa mingi, ikagombania wateja, na baadaye kampuni kubwa zikainunua na kuiunganisha kwa faiba. Bucharest ilijaa nyaya zilizoning'inia kwenye nguzo kiasi cha kuwaudhi wakuu wa jiji. Sisemi kwamba kukosa ni heri. Nchi nyingi zilikosa shaba na hazikupata faiba pia. Kilichoibeba Romania ni kwamba hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwazuia wale vijana.

Ndiyo maana mimi huuliza kwanza swali la nani anamiliki waya na nani anaruhusiwa kuutumia. Singapore ililijibu mapema: kampuni inayomiliki nyaya za faiba ilitenganishwa na kampuni zinazouza intaneti, na wauzaji wote wanapita kwenye nyaya zilezile, wakishindana kwa bei na huduma. Ni kweli pia kwamba watu wake wamebanana kwenye maghorofa, na waya mmoja ukifika chini ya jengo unahudumia familia nyingi. Korea Kusini nayo ilinufaika na maghorofa, lakini maghorofa hayakujiunganisha yenyewe; baada ya msukosuko wa fedha wa 1997 serikali iliifanya intaneti kuwa sehemu ya mpango wa kufufua uchumi. Australia ni kinyume chake. Mwaka 2009 ilitangaza faiba kwa zaidi ya asilimia 90 ya nyumba, serikali ikabadilika 2013, mpango ukageuzwa kuwa mchanganyiko wa faiba na shaba ya zamani, na kufikia 2020 ikaanza kutangaza fedha za kuirudia faiba. Uchaguzi mkuu mmoja unaweza kukaa ndani ya ruta yako kwa miaka kumi.

Kisha kuna bahari. Karibu data yote inayovuka mabara hupita kwenye mikongo iliyolazwa chini ya maji. Pwani ya Afrika Mashariki ilipata mkongo mkubwa wa kwanza, SEACOM, mwaka 2009. Kabla ya hapo tegemeo lilikuwa setilaiti zilizo kilomita takriban 36,000 juu. Kwa umbali huo, swali likipanda na kushuka, na jibu likipanda na kushuka, karibu nusu sekunde imekwisha, hata mitambo iwe mizuri vipi. Nchi yenye mkongo mmoja iko rehani: volkano ilipolipuka Tonga Januari 2022, mkongo wake pekee wa kimataifa ulikatika na kuunganishwa tena kulichukua wiki tano hivi. Machi 2024 mikongo minne ilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Magharibi, na nchi kadhaa zikayumba. Nchi isiyo na pwani hulazimika kupita kwa jirani kabla ya kuufikia mkongo wowote, na jirani hutoza.

Hata data ya ndani inaweza kuzurura. Pasipo kituo cha kubadilishana data, ujumbe kati ya wateja wa kampuni mbili za mji mmoja hutoka nje ya nchi na kurudi. Watoa huduma wa Kenya walianzisha kituo chao, KIXP, mwishoni mwa 2000. Kampuni ya simu ya taifa ikalalamika kwamba haki ya kubeba mawasiliano hayo ni yake peke yake, mdhibiti akakifunga, na kikarudi 2002. Hapo hapakukosekana fedha wala mitambo.

Kuhusu orodha zenyewe, tuzisome kwa jicho kali. Nyingi hutokana na watu wanaopima wenyewe kwenye simu na kompyuta zao, na wasio na intaneti kabisa hawamo. Kipimo kwa kawaida huenda hadi seva iliyo karibu, wakati filamu unayoitazama au mkutano unaohudhuria huenda uko bara jingine. Intaneti ya simu nayo ni mashindano mengine: Falme za Kiarabu na Qatar huongoza huko kwa sababu ziliwekeza mapema kwenye 5G na kuzipa kampuni masafa mapana ya mawimbi ya redio, jambo lisilohusiana na shaba ya mtu yeyote.

Mkichapa tena orodha ya nchi, naomba muongeze safu mbili: ni nyumba ngapi kati ya mia zina faiba, na data inachukua muda gani kwenda na kurudi kutoka seva iliyo nje ya nchi. Nashuku baadhi ya vinara wa sasa watashuka.