Kutaja jina si kuomba ruhusa: ninavyofundisha hakimiliki

Mwalimu mwenzangu, ukitaka kufundisha hakimiliki sekondari, usianze na vifungu vya sheria. Anza na kitu walichokitengeneza wanafunzi wenyewe. Hapa Dodoma, mwanafunzi wangu mmoja alichora mbuyu kwa ajili ya mahafali, kisha akaukuta mchoro ule kwenye fulana zinazouzwa mjini. Chini yake waliandika jina lake. Nusu ya darasa wakasema ameheshimiwa, ashukuru. Wengine wakauliza: nani alimwomba, na hela ziko wapi? "Madam, mimi nilitaka tu waniulize," akasema mwenyewe. Kipindi kizima kiliishia kwenye mabishano hayo, na sijaona mfano uliowaingia zaidi.

Wanafunzi wengi wanaamini ukishaandika "chanzo: Google" umemaliza. Kutaja mwandishi kunakuepusha na kujifanya kazi ni yako. Ruhusa ya kuinakili au kuiuza ni jambo jingine kabisa. Na mchoro ule ulilindwa tangu ulipochorwa, hata bila kusajiliwa popote.

Halafu kuna "matumizi ya haki", yaani kutumia kazi ya mtu bila kumwomba ruhusa pale sheria inapokubali, wanayoyasikia kwenye video za Wamarekani. Hayo yamo katika sheria ya Marekani ya mwaka 1976, yenye vigezo vinne: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la mwenye kazi. Ni maswali mazuri, nayatumia kuwafundisha kupima mambo. Lakini nawaambia wazi kwamba kwetu inayotawala ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hiyo inaruhusu kunukuu, na kutumia kazi kama mfano wa kufundishia, kwa kiasi kinachohitajika na kwa kutaja chanzo na mwandishi. Beti chache za kuchambua darasani, sawa. Kitabu kizima kupelekwa steshenari, kikatolewa kopi na kuuzwa darasa zima, hapana, hata kama wanunuzi wote wamevaa sare. Hapa walimu tujirekebishe kwanza, maana wanafunzi wanatuangalia.

Kuhusu muda, wape hesabu. Ulinzi unadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, basi ulinzi wa maandishi yake ulikwisha 2012. Hukwe Zawose, mwanamuziki na fundi wa kupiga ilimba na zeze aliyezaliwa huku kwetu Ugogo, alifariki mwaka 2003. Tungo zake zinalindwa hadi 2053. Darasa langu hushangaa hapo, kwa sababu nyimbo zake walizichukulia kama mali ya kila mtu.

Kwenye muheme, ngoma ya jadi ya wanawake wa Kigogo, ndipo pagumu. Hauna mtunzi mmoja, kwa hiyo wanadhani hauna mwenyewe. Sheria yetu ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na mimi naona hata isingekuwepo, kina mama wanaopiga ngoma zile wanastahili kuulizwa kabla hujawarekodi na kuwarusha mtandaoni.

Kazi ya mwisho wa muhula huwa ni barua. Kila kundi linachagua kazi ya mtu aliye hai na kumwomba ruhusa: tunataka kipande gani, tutakitumia wapi, tutauza au hatuuzi. Barua zinatumwa kweli. Kundi lisilojibiwa linatafuta kazi nyingine, au linatengeneza yake.