Wenyeji wa ngozi yako: maswali yenu

Wiki iliyopita niliandika kwamba hata ngozi safi ina bakteria wake. Simu haijatulia tangu hapo. Nimechagua maswali matano.

"Shikamoo daktari. Naoga mara mbili kwa siku na dodoki. Hao bakteria si wanaisha?"

Marahaba, ila mimi si daktari, ni mtu wa maabara tu. Hawaishi. Kuna wapita njia na kuna wenyeji. Wapita njia ni wale uliowaokota kwenye noti, kwenye bomba la daladala au chooni; hao sabuni na maji tiririka vinawaondoa, na ndiyo maana tunahimizana kunawa. Wenyeji, mfano Staphylococcus epidermidis, wamejibanza hadi ndani ya vinyweleo. Unawapunguza, kisha wanazaana upya. Waache. Wanasaidia kuipa ngozi uchachu kidogo, na wamekalia nafasi ambayo mdudu mbaya angeitaka.

"Mwanangu wa miaka 7 anacheza mpira mpaka analowa, hanuki. Kaka yake wa miaka 14 akiingia tu, chumba kizima kinajua. Ndimu na shabu vinasaidia?"

Jasho lenyewe halinuki. Linalomlowesha mdogo ni maji na chumvi, basi. Kwapani kuna tezi za aina nyingine, ambazo hulala mpaka mtoto abalehe. Zikiamka hutoa majimaji ambayo bakteria, hasa Staphylococcus hominis, huyavunjavunja na kuacha kemikali zenye salfa, jamii moja na zile zinazonukisha kitunguu. Hicho ndicho kikwapa. Kwa hiyo kijana si lazima awe mchafu, na tafadhali msimtanie mbele ya wageni.

Shabu ni sawa: hukaza ngozi na kuwabana bakteria. Ilowekwe kidogo, apake kwapa likiwa limeoshwa. Ndimu siishauri. Harufu inaweza kupungua, lakini maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, yanaunguza na kuacha madoa meusi. Kagua na mashati yake pia. Poliesta hushika harufu kuliko pamba, na jezi iliyoanikwa bila kufuliwa haijasafishika kwa kukauka.

"Kwa nini mbu wananishambulia vifundoni, na mwenzangu tuliyekaa naye wanamwacha?"

Swali hili nimelipenda. Mbu hufuata kwanza pumzi yako. Akikaribia ananusa ngozi, na harufu ya ngozi kwa sehemu kubwa hupikwa na bakteria. Miaka ya 1990, Waholanzi Ruurd de Jong na Bart Knols waliona kwamba Anopheles gambiae, mbu wetu wa malaria, hupenda kuuma miguuni. Miguu ilipooshwa kwa sabuni ya kuua bakteria, mbu wakahamia sehemu nyingine za mwili.

Kisha likaja jambo la jibini. Kuna jibini iitwayo Limburger, inanuka kama soksi za siku tatu, kwa sababu bakteria wanaoiivisha, Brevibacterium, ni ndugu wa wale wanaoishi katikati ya vidole vya miguu. Mbu wakawekewa harufu yake, wakaifuata! Mwaka 2006 kazi hiyo ikapewa Ig Nobel, tuzo ya tafiti zinazochekesha kwanza, halafu zikafikirisha. Mwaka 2011 utafiti mwingine wa Uholanzi ukaonyesha kwamba wanaume wenye bakteria wengi lakini wa aina chache walimvutia mbu huyu zaidi kuliko wenye mchanganyiko mkubwa. Huenda mwenzako ana mchanganyiko wa kumwokoa. Miguu osha, lakini chandarua usikiondoe: mbu akikosa mguu anapanda juu.

"Nihamie sabuni ya dawa?"

Kwa matumizi ya kawaida nyumbani, hapana. Septemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipiga marufuku viambato 19 vya kuua bakteria, triklosani kikiwemo, kwenye sabuni za kuoshea mwili, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba zinaishinda sabuni ya kawaida. Lakini kama una majipu yanayorudi kila mara, hiyo ni kesi nyingine. Mara nyingi mhusika ni Staphylococcus aureus, ambaye kwa takriban watu 3 kati ya 10 hukaa puani kimya kimya bila kuwadhuru. Usiyaminye, usiazime taulo, na uende kituo cha afya usaha ukapimwe kabla hujameza vidonge vya dukani. Hapa sitanii.

"Mke na mume wanapeana hao wenyeji?"

Wanapeana sana. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichukua sampuli za ngozi za jozi 10 za wapenzi wanaoishi pamoja, na kompyuta ikaweza kuotea nani anaishi na nani kwa asilimia 86. Sehemu waliyofanana zaidi ni nyayo. Wanakanyaga sakafu moja peku, hata siku waliyonuniana.