Jibu: Maji ya mwarobaini ni nano?

Mkuu, umeuliza kama ukichemsha majani ya mwarobaini na kuyachuja umepata dawa ya nano, yaani ya chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ya kukinga ngano na fangasi. Hapana, hayo ni maji ya mwarobaini tu. Kwenye dawa ya nano jani ni mpishi, si mboga: kemikali zake hugeuza chumvi ya madini, mfano nitrati ya fedha (fedha ya madini, si pesa), kuwa chembe za nanomita 1 hadi 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na maji huwa ya kahawia. Chembe hizo huharibu utando wa seli za kuvu na kuzuia spora kuota. Fusariamu, kuvu anayeshambulia ngano, hudhoofika kweli kwenye sahani za maabara. Shambani, penye mvua na jua, ni ngoma nyingine. Tena fedha haichagui, huua hata vijidudu rafiki wa udongo. Mimi ningesubiri kwanza.