Trela ya kutisha isiyoshtua

Umeuliza kwa nini trela (video fupi ya kutangaza filamu) ya darasa lenu haishtui mtu. Mzuka mmeuonyesha mapema mno. Uwekeni mwishoni, fremu (picha mojamoja za video) 12 tu, karibu nusu sekunde kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde. Kabla yake kateni muziki wote, acheni sekunde 2 za upepo mtupu, kisha kishindo kiangukie fremu ileile picha inapobadilika. Kikichelewa kidogo tu, mshtuko umekufa.

Chengachenga za usiku, vile vidoa vinavyotapakaa kwenye picha, zinatokana na simu kujiongezea mwanga. Rekodini jua likishazama tu, mpangilio wa mwanga wa kamera mmeufunga kwa mkono. Ukungu wa asubuhi wa Uyole, Mbeya, ni mali kabisa, ila fokasi ya otomatiki huhangaika humo, ifungeni pia. Taa za bweni zikipepesa, shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) iwe 1/50 ya sekunde, maana umeme wetu ni hezi 50.